Dereva wa Treni Aliyesimamishwa na Kitenge cha Mkewe

Saa moja asubuhi mvua inanyesha Kyimo, na Anyelwisye Mwasambili amesimama nje ya uzio wa nyumba yake mwenyewe, mkungu wa ndizi begani, maji yakimchuruzika mgongoni. Lango liko wazi. Chai iko mezani. Ila kwenye nguzo kinaning'inia kitenge chekundu.

“Nyekundu,” anatamka, kidole amekinyoosha. Haendi popote.

Jirani yake, Lazaro, anayepita na jembe, hana mbavu. Anamwambia aingie tu, huko ndani ni kwa mkewe, si stesheni.

Anyelwisye, miaka 46, ameendesha treni za mizigo kutokea Mbeya kwa miaka kumi na minne. Mwezi Machi alipita taa nyekundu kwa mita arobaini. Hakuna aliyeumia, bahati njema, lakini aliondolewa kwenye injini mpaka afanye mtihani upya. Mtihani ni Jumatatu. Akishindwa atapelekwa ghalani, na hilo linamnyima usingizi.

“Sikuwa nimelewa,” anaeleza. “Taa ile nilizoea kuikuta kijani, nikatamka kijani kabla sijaiangalia.”

Kazi ya msaidizi wake, Fred, ni kuitazama taa na kutamka anachokiona. Fred aliona nyekundu. Akaitikia kijani, kwa heshima ya mkubwa wake.

Mkewe, Ikupa, mkulima wa chai, aliposikia hakumpa pole. Alitoa vitenge viwili sandukuni, cha kijani na chekundu, akamwambia asipite langoni kabla ya kutamka rangi anayoiona nguzoni, na kwamba nyekundu ni kusimama. Siku kumi na moja mfululizo alitundika cha kijani. Ya kumi na mbili akatundika chekundu, na mumewe akaja, akatamka kijani, akaingia mpaka jikoni.

“Nikamwambia, Baba Doreen, treni yako imegonga masufuria yangu,” anasimulia Ikupa.

Walicheka, ingawa siku hiyo Anyelwisye hakumaliza chakula. Hii ni wiki ya tano tangu siku hiyo, na hajakosea tena.

Leo Ikupa amepitiwa. Dakika ishirini baadaye anatoka zizini na ndoo ya maziwa, anashika kichwa, anakimbilia nguzoni kubadilisha kitenge huku akiuliza kwa nini hakumwita.

Anyelwisye ananyoosha kidole. “Kijani.” Anaangalia tena, ndipo anaingia.

Akirudishwa kwenye injini, anasema, neno lake la kwanza litakuwa kwa Fred.

“Nitamwambia, nikikosea rangi, nibishie. Heshima tutapeana tukishafika.”

Ikupa anammiminia chai, ambayo sasa imepoa.

“Huyo Fred aje kwanza hapa nimfundishe,” anasema. “Mimi nambishia mwaka wa ishirini huu, na bado ananiita mama.”