Mwalimu Wetu wa Homa na Mtaala Mpya

Itangazwe kwa wazima na wagonjwa wote, kuanzia Ngomeni hadi Vitengeni: mtaala wa chuo chetu cha udaktari umebadilika! Mwalimu asisomee tena darasa daftari. Wanafunzi waulize, wachimbue wenyewe. Mwalimu wetu wa homa aliipokea habari hiyo kama mtu aliyeambiwa anywe supu kwa uma. Miaka kumi na minne alikuwa akisoma daftari lile lile, karatasi zimegeuka rangi ya chai, kila ukurasa akiufungua kwa kidole kilicholowa mate. Hata mzaha wake wa mchota chumvi wa Marereni ameuandika, na chini yake: "Hapa wacheke." Nasi tulicheka.

Mkaguzi akaja siku ya Jumatatu, na mwalimu ambaye angekutwa hajabadilika angehamishiwa stoo ya bendeji. Mwanafunzi mwenzetu Kadii akasimama, macho kwenye daftari lake: "Mwalimu, malaria huja kwa vipindi kwa nini, alama ya kuuliza." Jirani yake Baya naye akasoma swali lake, mpaka alama ya mwisho.

Mkaguzi akavua miwani. "Mwalimu! Hawa umewaandikisha hata maswali?"

"Maswali tu, bwana. Majibu ni Alhamisi."