Murwaza wa Kitanda cha Dirishani

Nilidanganya kwa mguu wa kushoto. Nalisema mwenyewe mapema, kabla jirani yangu hajalisema, maana yeye akilisema hulitia chumvi. Kwa miezi saba, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu wa mtaa wetu hapa Ndera walipotoka na majembe kwenda umuganda, ile kazi ya pamoja ambayo Kigali nzima hufunga maduka kwa ajili yake, mimi nilijizungushia bendeji ya duka la dawa kwenye kifundo cha mguu na kusimama mlangoni nimeegemea fremu. Kuchechemea nilijifunza mbele ya kioo. Nilikuwa hodari. Mwezi wa tano nilianza hata kukunja uso bila kukusudia.

Aliyepokea udhuru wangu ni huyo jirani, mama tuliyepakana naye ukuta, ambaye pia ndiye mkuu wa isibo yetu, yaani kundi la nyumba kumi na tano za kwetu. Yeye alikulia Uganda, mimi Karagwe, upande wa Tanzania. Kiswahili chake hakina salamu ndefu. Alikuwa anafungua daftari la mahudhurio, anautazama mguu, anaandika, anafunga.

"Mutanzania," aliniambia siku moja, "huo mguu unajua kalenda."

Akaenda zake. Nilidhani ni utani tu.

Msinifikirie mvivu. Nashona sare za shule nyumbani kwangu, kwa cherehani ya kukanyaga, tangu nilipomaliza sekondari na kugundua kwamba hakuna ofisi iliyokuwa inanisubiri. Jembe silichoki. Shida yangu ni kikao kinachofuata jembe. Mnakaa kwenye nyasi, mnajadili taa za barabara na usafi, halafu mazungumzo yanalegea na mtu anakugeukia: mama watoto hajambo? Jibu langu lilikuwa fupi kiasi cha kuharibu kikao. Hayupo mama, hawapo watoto, wazazi walishatangulia, na dada yangu mmoja yuko Karagwe na wajukuu wake. Baada ya jibu hilo watu hukutazama kwa huruma, na huruma ya kundi zima la watu wenye matope mikononi ni kitu kizito. Nikaona afadhali kuchechemea.

Mwezi wa nane walikuwa wanazibua mtaro karibu kabisa na ukuta wangu. Nilikuwa ndani na chai yangu, nikawasikia wanacheka. Wakanyamaza. Wakacheka tena. Ukiwa peke yako ndani, kicheko cha nje unakisikia kama kimetaja jina lako. Nilitaka kujua kama ni mimi. Nikachukua kigoda cha cherehani, nikakiweka juu ya kreti la soda, nikapanda, nikachungulia kwenye kidirisha cha juu. Niliona migongo tu. Nikajinyoosha kidogo. Kigoda kikaenda huku, kreti likaenda kule, na mguu wa kulia ukabaki katikati kama mtu anayesuluhisha ugomvi usiomhusu.

Nilisikia umelia, ka, kama kijiti kikavu. Nilipoutazama, goti lilikuwa linaelekea mlangoni na vidole vinaelekea kwenye cherehani. Nikaita. Baadaye niliambiwa kwamba mara ya kwanza walinisikia vizuri, na mtu mmoja akasema eeh, leo ameongeza na sauti. Mpaka nilipoita mara ya tatu ndipo jirani alipoingia, matope yamefika magotini, akasimama juu yangu.

"Leo ni wa kulia," alisema.

Kisha akauona vizuri ulivyokaa, na utani ukamtoka usoni. Asubuhi ya umuganda magari hayatembei ovyo, lakini alipata pikapu ya mtu, akaongea mwenyewe na askari njiani, akanifikisha hospitali, akanikabidhi kwa nesi kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Halafu akarudi kumalizia kikao chake. Hakuniaga, nami sikumshukuru. Nilikuwa nimeshughulika kulia.

Daktari wa mifupa alikuwa dada mwembamba mwenye sauti ya chini. Aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha akanionyesha: mfupa wa nje wa kifundo umekatika mshazari, wa ndani umemeguka kipande, na ule mfupa wa kati unaobeba uzito wote umesogea, kama droo iliyopoteza ukuta mmoja. Alisema utahitaji chuma na skurubu. Nikamwambia sawa, nipo tayari. Akatabasamu, akasema mimi nipo tayari ila ngozi yangu bado. Mguu ulikuwa umevimba kama mkate, ngozi inang'aa. Akipasua ikiwa hivyo, kidonda kitagoma kufunga. Hapo nilimwelewa kuliko alivyotegemea. Kitambaa kilichovutwa hadi mwisho hukigusi na sindano. Basi mguu ukafungwa plasta ya nusu tu, ukapandishwa juu ya mito, na kazi yangu ikawa kulala nikisubiri ngozi ianze kukunjamana.

Ndipo nesi akaja na karatasi akauliza, "Mzee, murwaza wako ni nani?"

Asiyejua hospitali zetu anaweza kudhani hilo ni swali dogo. Murwaza ni mtu wako anayekuuguza wodini. Analeta chakula, anakuchotea maji, anakushika ukienda chooni, anapokea maelezo ya dawa, anaweka saini, anatandika mkeka chini ya kitanda chako. Hospitali inakupa kitanda na daktari. Yanayobaki unayaleta na mtu wako. Wodi yetu ilikuwa na vitanda sita na mikeka mitano.

Nikasema yuko njiani.

Sijui kwa nini. Nadhani nilikuwa nimezoea. Nesi akaandika "yuko njiani", na kwa siku sita huyo murwaza wangu akawa njiani. Jumatatu nilimwambia nesi amepata dharura. Jumatano nilimpa mafua. Nilikuwa nalala nikitazama mlango kila unapofunguliwa, na nakiri kwamba ilifika siku nikamsubiri kweli, huyo mtu niliyemtunga mwenyewe, nikajiuliza amekumbwa na nini.

Kwenye kitanda cha pembeni yangu alilala kijana aliyevunjika paja, akiuguzwa na mama yake, bibi mmoja wa mtaa wa Gitega anayeuza mkaa, mwenye mdomo usiopumzika. Alikuwa anamimina uji wa mwanawe, anamimina na kikombe cha pili, ananisogezea bila kunitazama. Siku ya nne akawauliza wenye mikeka wenzake, kwa sauti ya kutosha, kama kuna anayejua murwaza wa kitanda cha dirishani anatoka nchi gani, na kama anakuja kwa magoti. Wodi nzima ikacheka. Nikacheka pia, maana ulikuwa utani mzuri, halafu nikageukia ukutani kwa muda mrefu nikijifanya nasoma maandishi ya kunawa mikono.

Siku ya sita daktari alikuja, akabana ngozi ya kifundo taratibu kwa vidole viwili. Ikajikunja mikunjo midogo, kama kitambaa cha pamba kilichotoka kufuliwa. Akafurahi. "Kesho asubuhi tunakupasua," alisema. Kisha akasoma karatasi, akauliza huyu aliye njiani atafika? Alinieleza bila ukali kwamba nikitoka chumba cha upasuaji nitakuwa nimekufa ganzi kuanzia kiunoni, na manesi wawili kwa wodi nzima hawawezi kukaa nami. Asipokuwepo mtu, jina langu litarudi nyuma. Na siwezi kurudi nyuma sana, kwa sababu mfupa hausubiri. Unaanza kujiunga hivyohivyo ulivyopinda, na kifundo kilichojiunga kimepinda hakikanyagi cherehani.

Nilijifunika shuka hadi kichwani ili bibi wa Gitega asisikie, nikampigia jirani. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yaliyotoka ni haya: "Mama, mguu wa kushoto haukuwa na kitu."

Nilisikia kitunguu kinakaangwa.

"Hiyo ndiyo umenipigia?"

Nikamwambia habari ya murwaza. Aliuliza kama sina ndugu, nikamweleza habari ya dada wa Karagwe. Aliuliza kabla yake nimewaomba watu wangapi. Nikasema orodha inaanzia kwake na inaishia hapohapo. Kitunguu kikaendelea kidogo. "Nimesikia," akasema, na simu ikakatika. Katika Kigali hii "nimesikia" inaweza kuwa ndiyo, inaweza kuwa hapana, inaweza kuwa niache nipike.

Asubuhi walinivalisha gauni la kijani lililo wazi mgongoni, nikawekwa kwenye kitanda cha magurudumu. Nesi alikuwa ameshika kalamu juu ya jina langu. Bibi wa Gitega aliinuka, nikaona anajifunga kitenge vizuri, na nikaelewa kwamba anataka kusema mimi ni wake. Nilitaka kufa kwa aibu na kwa shukrani, vyote pamoja. Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia jirani, chupa ya chai mkono mmoja, mkeka kwapani, akauliza asaini wapi. Kwenye karatasi kulikuwa na nafasi ya kuandika uhusiano. Nikamnong'oneza aandike dada. Akaniangalia, akaandika: jirani.

Upasuaji wenyewe niliusikia tu. Walinichoma sindano mgongoni, nusu yangu ya chini ikaondoka, na nyuma ya pazia wakaanza kutoboa kama mafundi wa makabati. Daktari aliniuliza nashona nini. Nikamwambia sare. Akasema basi leo tumekutana mafundi wawili, na akaniomba nisikosoe mishono yake.

Jirani alikaa siku tatu. Kama mlitegemea tulifunguliana mioyo, hata mimi nilitegemea. Alinipa chakula, akaniamuru nichezeshe vidole vya mguu kila alipokumbuka, na muda uliobaki alipiga soga na bibi wa Gitega, wakinisema mbele yangu kama mtu aliyelala. Ndivyo nilivyojua kwamba mwezi wa nne bendeji niliifunga mguu wa kulia. Aliona. Kila mwezi aliandika "mgonjwa" kwenye daftari bila wasiwasi, alimwambia bibi, kwa sababu alivyoona yeye, mtu anayejifunga bendeji ili asikae na watu si mzima.

Nilirudi nyumbani na magongo mawili na onyo la kutokanyagia mguu ule kwa wiki sita. Nyumba ilikuwa kama nilivyoiacha, chai ya siku ile imekauka kikombeni. Sikuwahi kuiona ndogo kiasi kile. Nilikuwa nakaa mbele ya cherehani nikiitazama, mguu juu ya kreti, na nilijikuta nautamani uji wa bibi, na hata kelele za vitanda sita. Jirani alinisalimia kwa juu ya ukuta asubuhi na jioni, basi.

Ilipofika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, niliamka mapema. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na udhuru wa haki, barua ya daktari yenye muhuri, na sitaficha kwamba nilijivuna nayo. Nikajikongoja hadi mlangoni, nikaegemea fremu ileile, nikamkabidhi jirani. Aliisoma yote, mbele na nyuma, akaikunja, akaitia katikati ya daftari. Halafu akachungulia ndani nyuma yangu, kwenye chumba kile kimoja, akanyoosha kidole.

"Daktari ameandika usisimame, hajaandika usikae na watu. Beba hicho kigoda kilichokuangusha, utoke."