Miwani ya Mshonaji

Jirani yetu mshonaji hushinda na pini midomoni, hivyo ukimsalimu huitikia kwa pua. Kabla ya kukata kitambaa hukipapasa kwa kidole gumba, bila haraka. Vivyo hivyo juzi nilimkuta akipapasa miwani ya kuzamia aliyoiibua stoo, chini ya majora, pamoja na mrija wa kupumulia, vyote vya usichana wake. Mpira ulikuwa umekakamaa. Akaupaka mafuta.

Jana ilikuwa siku ya nne mabomba yamekauka. Tangi la zege juu ya paa lilikuwa limejaa pomoni, ila koki iliyo ndani yake, chini kabisa, ilikuwa imekwama. Fundi bomba, asiyejua kuogelea, alikuwa na ushauri tele. Mshonaji akapanda na miwani yake, akajifunga kamba kiunoni, ncha akanipa mimi.

“Nikivuta mara mbili, nitoe. Nisipovuta, usiniguse.”

“Dada, hujazamia miaka mingapi?”

“Thelathini na mmoja.” Akazama.

Maji yakatulia. Nilihesabu hadi sitini, hadi tisini; kamba haikutikisika.

“Mvute!” fundi akafoka. “Utatuulia mtu!”

Sikuvuta. Mara tukasikia maji yakinguruma kwenye mabomba, ghorofa baada ya ghorofa, naye akaibuka akihema, miwani imepasuka, macho mekundu kama pilipili.

“Umehesabu?” akaniuliza.

“Mia moja na kumi.”

“Zamani nilifika mia mbili,” akasema, amenuna.