Paa Lililonyanyuliwa kwa Michembe

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, gari la chama lilisimama mbele ya mashine yangu ya kusaga. Saa hiyo naikumbuka kwa sababu nilikuwa na desturi ya kuzima injini saa nne na robo ili ipoe, na nilikuwa nikimimina maji kwenye rejeta. Wanawake waliokuwa kwenye foleni na madebe yao ya mtama waligeuka kulitazama. Siku hizo gari likisimama kijijini, kila mtu alijiuliza kwanza amekosa nini.

Akashuka bwana mmoja mwenye miwani na mkoba wa ngozi.

"Mume wa mwalimu ni yupi hapa?"

"Yule pale, mweupe kama mzimu," mwanamke mmoja akajibu. "Mpanguse unga, utamkuta ndani."

Yule bwana hakucheka. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na chama kilikuwa kimemteua kuwa msimamizi wa kampeni katika jimbo letu. Aliniambia kwamba mke wangu ameteuliwa kugombea ubunge.

Kwa wasioujua wakati ule, nieleze kidogo. Chama kilikuwa kimoja, lakini kila jimbo lilipewa wagombea wawili. Mkutano wa wilaya uliwapigia kura waombaji wote, majina yakapelekwa juu, na huko juu yakarudishwa mawili. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma apate kuchagua. Mke wangu alikuwa ameshika nafasi ya tatu katika mkutano wa wilaya. Tulikwisha kulisahau jambo hilo. Sasa jina la aliyekuwa wa pili lilikuwa limeachwa, bila sababu kutajwa, na la tatu likapanda. Wa kwanza alikuwa mbunge aliyekuwa akimaliza kipindi chake. Yeye alipewa jembe. Mke wangu alipewa nyumba.

Msimamizi aliniomba nimpeleke nyumbani, na hapo ndipo shida yetu ilipoanza.

Mwaka uliotangulia tulikuwa tumehamishwa pamoja na watu wote wa pande zetu, kutoka kwenye mashamba yetu ya zamani hadi kijiji kipya kando ya barabara ya kwenda Masumbwe. Kisima chetu kilibaki kule. Huku maji yalikuwa ya kufukua kwenye mchanga wa mto, na wanawake walikuwa wakiamkia huko kabla ya jua. Kwa jambo hilo moja mke wangu alikuwa ameomba ubunge. Alikuwa akifundisha watu wazima kusoma katika ghala la pamba, na alikuwa amechoka kufundisha wanafunzi wanaosinzia kwa sababu ya maji.

Nyumba yetu mpya ilikuwa kuta tupu za matofali mabichi, za mviringo. Kwetu paa la msonge husukwa chini, fito na kamba, hata likawa kama kofia kubwa. Siku ikifika, majirani huzunguka, hulinyanyua kwa pamoja na kulitua juu ya kuta, na nyasi huezekwa baadaye. Kazi hiyo hailipwi fedha. Mwenye nyumba hupika pombe na kuchinja. Asiyefanya hivyo huitwa mchoyo mpaka wajukuu zake. Paa letu lilikuwa tayari, limeketi uani, kuku wakilala ndani yake. Fedha ya mbuzi na vikorokoro vya karamu nilikuwa nimeiweka kwenye kopo, shilingi mia moja na arobaini. Mtama wa pombe ulikuwa umelowekwa na umeanza kuchipua. Watu walikuwa wamealikwa Jumamosi iliyofuata.

Msimamizi alikitazama kimea kilichoanikwa juu ya mkeka. Akavua miwani.

"Hii ni ya nini?"

"Ya Jumamosi," nikamjibu. "Tunapandisha paa."

"Na watakaopandisha ni akina nani?"

"Majirani."

"Wapiga kura," akasema. "Mgombea hawezi kuwalisha wapiga kura wala kuwanywesha. Kuanzia leo hata kikombe cha chai."

Mke wangu alikuwa amefika kutoka ghalani, chaki mikononi. Nilimweleza. Alizitazama kuta, kisha akatazama mbingu, ambayo haikuwa na hata wingu moja.

"Wapandishe bila kula," akasema.

"Hakuna atakayekuja," nikasema. "Wakija, wataondoka na jina letu."

"Basi mpaka baada ya kura."

"Kura ni baada ya mvua za kwanza, mama watoto. Matofali ni mabichi. Mvua mbili tu, tunarudi kwenye tope."

Sikumwambia akatae, lakini kila mtu aliyekuwepo alielewa kwamba ndilo nililotaka. Nilikuwa nimefyatua yale matofali mwenyewe kila jioni baada ya kuzima mashine.

Akaniambia, "Baba watoto, nyumba tukiipoteza tutajenga nyingine. Hili jina halitapanda tena." Akamgeukia msimamizi. "Nitagombea."

Kimea tulimpa jirani aliyekuwa na harusi. Sisi tukaendelea kulala katika chumba cha nyuma ya mashine, watoto wakilala juu ya magunia.

Kampeni zile zilikuwa na utaratibu ambao vijana wa leo nikiwasimulia hawaamini. Wagombea wote wawili walisafiri katika Landrover moja, pamoja na msimamizi. Walihutubia mkutano mmoja, dakika sawa, kwa Kiswahili tu. Hakuna aliyeruhusiwa kutaja kabila wala dini, wala kupita mlango kwa mlango. Kama mmoja alipewa kiti chenye mgongo, mwingine naye apewe. Mbunge alikuwa wa ukoo wa baba yake mke wangu, ukoo mpana, kwa hiyo yeye alimwita dada na mimi aliniita shemeji. Alikuwa mnene, mcheshi, na tangu ujana alijulikana kwa kulima. Jembe lilimkaa vizuri.

Habari za mikutano nilizipata kwenye foleni ya mashine, ambako hakuna lisilofika. Walianza kumwita mke wangu Wa Tatu.

"Wa Tatu jana alisema nini?"

"Kasema maji."

"Maji! Mwenyewe nyumba yake iko chini, kuku wanataga ndani."

"Anatuomba tuchague nyumba. Nyumba gani? Ile tuliyobomoa kule, au ile yake iliyovua kofia?"

Wakacheka, nami nikaongeza mwendo wa injini ili nisisikie. Lakini bibi mmoja, mwanafunzi wa ghalani, alisubiri mpaka nikamfungia unga wake, akasema kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kisukuma, "Mwambie mwalimu asiogope. Mimi kabla yake nilikuwa natia dole gumba. Sasa natia jina." Akajitwisha debe, akashukuru. "Wabeja."

Kichekesho cha nyumba kilimfuata mke wangu mpaka vijiji vya mbali. Alikisikia Masumbwe, akakisikia Ushirombo. Huko Ushirombo mtu alisimama katikati ya mkutano akauliza kwa sauti, "Mama, nyumba yako ina paa?" Kwa mujibu wa masharti alitakiwa kujibu kila swali.

"Haina," alijibu. "Paa ninalo, lipo uani. Siwezi kulipandisha kwa sababu siruhusiwi kuwapikia ninyi pombe."

Waliniambia uwanja uliangua kicheko, na mbunge mwenyewe alicheka mpaka akashika tumbo. Kuanzia siku ile alilipenda jambo hilo kuliko mtu yeyote. Ndani ya gari alikuwa akiuliza kila asubuhi, "Dada, kuku wako hawajambo?"

Mkutano wa mwisho ulipangwa kijijini kwetu, saa nane mchana. Tangu asubuhi mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa ziwa, meusi, na upepo ulikuwa na harufu ya udongo uliolowa mahali pengine. Mvua za kwanza zilikuwa zimekuja mapema. Nilifunga mashine nikaenda nyumbani. Nilifunika sehemu ya juu ya kuta kwa magunia matupu na kuyawekea mawe, nikijua kabisa kwamba gunia halizuii maji. Kisha nikaenda uwanjani kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufanya.

Mke wangu alihutubia kwanza. Alizungumza juu ya maji, kama kawaida. Mara mbili nilimwona akigeuza macho kuelekea nyumbani. Mbunge aliposimama, hakuanza na pamba wala barabara.

"Ndugu zangu," alisema, "nimezunguka na dada yangu huyu jimbo zima. Ameninyang'anya usingizi kwa habari za paa. Sasa tazameni juu. Mimi ni mtu wa jembe, lakini sijawahi kuona jembe likifurahia nyumba ya jirani kuyeyuka. Bwana msimamizi, nina swali."

"Uliza kwa ufupi."

"Masharti yanakataza mgombea kulisha watu. Je, yanakataza watu kujilisha?"

Msimamizi akafungua mkoba wake, akatoa kitabu cha masharti, akakisoma kimya mbele ya umati wote. Ngurumo ikapiga. Alikisoma mpaka mwisho, kisha akarudi nyuma kurasa kadhaa.

"Hayakatazi," alisema. "Lakini kazi yoyote itakayofanyika mbele ya wapiga kura, wagombea wote wawili wapewe nafasi sawa. Mgombea mmoja akishika upande wa mashariki, mwingine ashike upande wa magharibi. Hakuna wimbo utakaotaja jembe wala nyumba. Na maji ya kunywa kila mtu atoke nayo kwao."

"Mimi tayari ninayo michembe mfukoni," mbunge akasema, akautoa mkono na kuonyesha vipande vikavu vya viazi vitamu. Huku kwetu hakuna mtu mzima anayetoka nyumbani bila michembe siku ya mkutano.

Sikumbuki nani alianza kukimbia. Nakumbuka uwanja ukihama. Waliokuwa wakinicheka kwenye foleni walinipita njiani, khanga zimefungwa viunoni. Kuku walitimuliwa, magunia na mawe yakaondolewa juu ya kuta. Wanaume waliingia chini ya paa na wengine wakalizunguka, wanawake wakashika fito za ukingoni, jambo ambalo kwa mila halikuwa kazi yao, na hakuna aliyewakataza. Mbunge alikuwa magharibi, jasho likimtiririka. Mke wangu alikuwa mashariki, miguu peku. Msimamizi alisimama katikati na saa yake mkononi, kana kwamba hilo nalo lilikuwa na dakika zake.

Kwa kuwa wimbo ulikatazwa, walihesabu. Ilikuwa ajabu kwangu kuona paa likipanda bila wimbo, kwa namba tupu, kwa Kiswahili, kama darasa la ghalani.

"Moja! Mbili! Haya, Wa Tatu, tatu!"

Likapanda. Lilipokwama kwenye ukuta upande wa mlango, mbunge alipiga kelele, "Shemeji, matofali yako ni mapana kuliko akili yako!" Likasukumwa tena, likakaa. Nyasi nilizokuwa nimezikusanya hazikutosha, zilifunika nusu tu, lakini mafungu mengine yaliletwa kutoka kila upande, na vijana wawili walikuwa bado juu wakifunga kamba mvua ilipoanguka.

Tulisimama ndani, wengi kupita kiasi, tukibanana ukutani. Kila mtu alitoa alichokuwa nacho mfukoni au kwenye upindo wa khanga na kutafuna. Paa lilivuja mahali pawili patatu. Kuta hazikulowa. Nilikuwa nimeaibika kuliko siku yoyote, mwenye nyumba asiyetoa hata maji, na pia sikuwahi kuwa na furaha ya namna ile. Msimamizi alikuwa amesimama karibu na mlango. Mbunge alimpa kipande cha mchembe.

"Siwezi kupokea kutoka kwa mgombea," alisema msimamizi.

"Basi pokea kutoka kwa huyu bibi, si mgombea."

Bibi wa ghalani alimpa chake. Akakitafuna polepole, na hapo ndipo nilipomwona akicheka.

Siku ya kura mke wangu alishindwa. Kijijini kwetu alipata kura nyingi, lakini jimbo lilikuwa kubwa, na jembe kwa wakulima ni jembe. Aliyasikia matokeo wilayani, akarudi na basi la jioni, akaingia ndani, akakaa chini ya lile paa. Nilichemsha chai. Sasa iliruhusiwa.

Mbunge alikuja juma lililofuata bila gari, kwa baiskeli. "Shemeji," alisema kabla hajashuka, "nilipandisha paa lako kwa michembe yangu, pombe yangu iko wapi?" Nilimpa soda mbili, akazinywa zote. Kisha akamwambia mke wangu kwamba kisima ataomba, lakini fedha za serikali huenda zikachelewa miaka. Kama kijiji kikianza na saruji ya pete za kwanza za ukuta wa kisima, atapata la kusema huko Dar es Salaam.

"Watu wameonja kazi ya kujilisha," mke wangu akasema. "Wakiitwa kwa michembe, watakuja kuchimba."

Walikuja. Lakini hilo lilikuwa baada ya mavuno. Jioni ile mke wangu aliniomba nilete kopo. Nilitoa humo na kujirudishia thamani ya mtama tuliompa jirani, shilingi kumi na mbili, kwa sababu hiyo ilikuwa hasara yetu halisi. Mbuzi hatukununua, wala sukari, wala tumbaku ya wazee. Zilizobaki nikazipanga juu ya meza mbele ya mbunge kuwa mchango wa kwanza wa kisima: shilingi mia moja ishirini na nane.