Makapi Niliyoyafundisha

Kwa miaka kumi na minane nilifundisha biolojia katika shule ya Tononoka, Mombasa, na kila mwaka nilirudia kosa lilelile kwa sauti kubwa: "Sehemu kubwa ya DNA ni makapi. Pepeteni, mtupe." Aliyeuliza mbona Mungu aumbe makapi nilimwambia akae chini. Sikuwa na subira na maswali yasiyotoka kwenye mtihani.

Mwanangu wa kwanza nilimzika akiwa na miaka mitano, kwa selimundu, maradhi ya damu ya kurithi. Mdogo wake wa kike alipopimwa akakutwa nayo, nilikata tamaa kimyakimya. Wazazi wenzangu hushonesha sare zenye pindo pana, mtoto akirefuka lishushwe. Mimi kila Januari nilimwambia fundi wetu wa Mji wa Kale, "Kipimo chake tu. Pindo usiache." Naona aibu kuyaandika haya.

Lakini mtoto hakuugua. Alifika miaka kumi na minne hajalazwa hata siku moja. Januari hii daktari, aliyekuwa amepeleka damu yake kuchunguzwa, akatuita mimi na binti yangu.

"Jeni yake mbovu ni ileile ya kakake," alisema. "Ila kwenye ile DNA tuliyoidhani haina kazi, ana badiliko dogo. Pale ndipo huzimwa damu ya utotoni, ile ya tumboni mwa mama. Yake haikuzimika yote. Ndiyo inayomlinda."

Nilipigwa na butwaa. Nilimwomba arudie, akarudia, na bado masikio yangu hayakuamini. Nikauliza kama amepona.

"Hajapona, mwalimu. Kliniki aje. Lakini sioni la kumzuia kukua."

Nilitoka pale nimeshtuka, tena nimejikasirikia, maana miaka yote hiyo nilikuwa nimempepeta na mwanangu pia. Shule zilikuwa zinafunguliwa wiki ile, basi tukaenda moja kwa moja kwa fundi.

"Kipimo chake tu, sivyo mwalimu?" alisema mzee, utepe tayari mkononi. "Nakumbuka."

"La, babu. Leo niachie pindo."

Akanitazama juu ya miwani. "Unalitaka pana kadiri gani?"

Machozi yalishanizidi, mbele ya wateja wote.

"Vidole vinne, babu," alisema binti yangu. "Kama wenzangu."