Mapumziko ya Ng'ombe

Nimeolewa katika boma lenye siku mbili za kupumzika kila wiki, na kwa muda mrefu hakuna hata moja iliyokuwa yangu. Nikilikumbuka jambo hilo bado nakunja uso, hata nikiwa peke yangu jikoni.

Kwetu ni karibu na Mosocho, na sisi ni Wakatoliki. Mume wangu ni fundi wa pikipiki Keroka, na kwao Nyansiongo ni Wasabato tangu enzi za babu yake. Tulipooana nilisema wazi kwamba sitahama kanisa langu. Mama mkwe alikubali upesi mno, nami nikadhani ni roho nzuri.

Jumamosi yangu ya kwanza pale alisimama kwenye mlango wa jikoni, kitambaa cheupe kichwani, tayari kwenda kanisani.

"Mwanangu, leo sisi hatuwashi moto," alisema. "Lakini wewe si wa Sabato. Kwako ni siku ya kazi kama nyingine."

Nikawasha. Nikakamua ng'ombe, nikayafikisha maziwa barabarani kabla gari halijapita, nikachota maji chemchemini. Waliporudi mchana walikuta ugali unafuka mvuke na mboga ya chinsaga imepashwa moto vizuri. Baadaye mume wangu aliniambia, bila haya hata kidogo, kwamba kabla sijaja walikuwa wanakula chakula kilichopikwa Ijumaa, kikiwa baridi hivyo hivyo, na kumshukuru Mungu. Yaani walinioa wakapata na jiko la Sabato.

Kesho yake nilivaa gauni la misa. Mama mkwe akaninyooshea kikapu cha kuchumia chai.

"Majani yamekomaa," alisema. "Leo si Sabato."

"Mimi ni wa Jumapili, Mama."

"Hapa Jumapili ni siku ya shamba."

Nikavua gauni. Nilikuwa bibi arusi, na bibi arusi habishani. Hivyo ndivyo mambo yalivyoendelea. Jumamosi nilikuwa Mkatoliki ili nifanye kazi, na Jumapili nilikuwa mtu wa boma la Wasabato ili nifanye kazi. Ijumaa ndiyo usiseme, maana siku hiyo nilipika, nikafua na kupiga pasi ili wao waipokee siku yao wakiwa safi.

Sina ugomvi na Sabato yenyewe. Niliwaona wakirudi kanisani nyuso zimelainika. Mume wangu, ambaye wiki nzima hunijibu kwa neno moja moja, Jumamosi alasiri alikuwa analala kwenye nyasi na kusimulia hadithi za utoto wake. Mama mkwe mwenyewe alikuwa anacheka. Kupumzika kunamrudishia mtu utu wake, na nililiona hilo kwa macho yangu nikiwa nimebeba maji. Ndiyo sababu nilikasirika zaidi. Walijua utamu wake, na bado waliniacha nje.

Kisha nikapata mimba. Ng'ombe wetu mkubwa naye alikuwa na mimba, na siku zake zilitangulia zangu kidogo. Zilipokaribia, mama mkwe aliacha kumkamua.

"Lazima apumzike," alituambia. "Usipompumzisha, ndama anatoka dhaifu na maziwa hayaji."

Akamletea nyasi pale pale zizini, akampa chumvi ya mifugo, akamkataza mtu yeyote asimpeleke mtoni. Mimi nilikuwa nakata hizo nyasi. Kikapu cha chai mgongoni, tumbo mbele, miguu imevimba hadi viatu havinitoshi. Nesi wa zahanati aliniminya miguu, akatikisa kichwa, akaniambia nikiendelea hivyo mtoto atakuja kabla ya wakati, na huenda nisimpate. Nilirudi nikawaambia. Mama mkwe alisema nitapumzika nikishazaa. Mume wangu aliangalia simu yake.

Usiku ule nililia kwa hasira, si kwa huzuni.

Jumapili iliyofuata sikuvaa gauni la misa wala sikushika kikapu. Nilichukua kigoda, nikaenda zizini, nikaketi kando ya ng'ombe. Mama mkwe alinitafuta huku na huku hadi akanipata.

"Kikapu kinakungoja."

"Mama, huyu ng'ombe ni wa dini gani?"

Akanitazama kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Ninauliza tu," nikasema. "Mimi nanyimwa Jumamosi kwa sababu si Msabato. Jumapili nanyimwa kwa sababu ninyi si Wakatoliki. Huyu anapumzika siku zote saba. Niambieni dini yake nihamie."

Mume wangu alikuwa amekuja nyuma yake. Mama mkwe akaokota kikapu mwenyewe akaenda kuchuma chai, na mume wangu akamfuata na kikapu kingine.

Niliketi pale asubuhi nzima bila kufanya chochote. Mwanzoni mikono ilikuwa inaniwasha, imezoea kushika kitu. Halafu nikamsikia mtoto akicheza tumboni, vizuri kabisa, akigeuka na kupiga teke. Labda alikuwa akicheza siku zote, ila mimi sikuwahi kutulia nimsikie. Alizaliwa wakati wake, mzito, ana sauti kubwa.

Siku hizi mama mkwe huwaambia wageni kwamba alinipa Jumapili niwe napumzika. Namwacha aseme, lakini damu yangu huchemka, kwa maana hakunipa kitu.

Mwaka huu shemeji yangu ameoa, naye pia ameleta msichana Mkatoliki. Jumamosi ya kwanza nilisikia sauti ile ile kwenye mlango ule ule wa jikoni: "Wewe si wa Sabato." Nikatoka kwangu, nikauchukua mkono wa yule msichana, nikakitoa kiberiti mkononi mwake nikakitia mfukoni mwangu.

"Mama, leo mnakula cha jana," nikasema.

Wakala ugali baridi, wote, na mimi nikaketi nikawatazama. Bibi arusi alikuwa chumbani amelala, mlango umefungwa, na hakuna aliyethubutu kubisha.