Ya Dada Haikunjwi

Simu ilipolia, Dada Mkubwa alikuwa amegeuza gauni la bibi harusi ndani nje, anakagua mishono. Ndivyo alivyofanya kazi miaka yote: hakuiamini nguo mpaka alione tumbo lake. Aliyepiga alikuwa Pilipili, binti aliyepika na mdogo wa Dada Mkubwa kwenye soko la vyakula la uwanjani.

"Dada, kaka ameanguka jikoni. Tulimkimbiza hospitali, lakini... Dada, hatunaye."

Dada Mkubwa hakulia. Aliuliza, "Alikula nini?"

Daktari alisema ni moyo. Dada Mkubwa alimsikiliza kama anavyomsikiliza muuza vitambaa anayeapa kwamba rangi haichuji. Mshukiwa wake alikuwa mwingine: kile chakula. Mdogo wake alibuni kitu kisichowahi kuonekana, tambi, samaki wa kukaanga, embe bichi na mchuzi wa karanga, vyote vimekunjwa ndani ya mkate mwembamba. Watu walikipangia foleni. Dada Mkubwa hakukigusa hata siku moja. "Kama hakina la kuficha, kinafungwa cha nini?"

Baba mdogo alitaka maziko yawe kesho yake. Dada Mkubwa, mkubwa wa nyumba yetu, akagoma. "Hazikwi mtu mpaka nijue kilichomuua."

"Mwanangu, utamwacha mwenzio mochwari kwa ajili ya mkate?"

"Nitamwacha."

Kesho yake jioni akajitanda kitenge, akaenda sokoni. Moshi, mahema, watu wanakula wamesimama. Banda la mdogo wake lilikuwa limefungwa, na Pilipili ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho yamemvimba.

"Washa jiko," Dada Mkubwa alisema. "Pika kama mlivyopika jana. Hapa, nikuone."

Pilipili akawasha. Dada Mkubwa akanusa mafuta, akamgeuza samaki huku na huku, akalamba mchuzi kwa ncha ya kidole kisha akangoja, kana kwamba ulimi ungemletea taarifa. Mkate ulipoiva, Pilipili aliutandaza kwenye sahani, akapanga vitu juu yake, akauacha wazi.

"Mbona hukunji? Unanichezea?"

"Yako haikunjwi. Kaka alisema siku ukija, ukipewa kilichofungwa utakifumua kama pindo. Akatufundisha kuiacha wazi. Siku hizi hata wateja wanaiomba: nipe ya Dada."

Dada Mkubwa akaitazama sahani. Akasali kimoyomoyo, sala ndefu kuliko ya chakula cha kawaida, akamega. Alitafuna taratibu, leso tayari mkononi.

"Embe na samaki. Nani aliwaozesha hawa?"

"Kaka."

Akamega tena. "Na jana alikula hii?"

"Hakula kitu, Dada. Tangu asubuhi kifua kilikuwa kinambana. Nikamwambia twende hospitali, akasema tufunge kazi kwanza. Chai tu, nayo hakuimaliza."

Hapo ndipo leso ikapata kazi yake. Alikula yote akilia, kisha akampigia baba mdogo. "Kesho. Mwambieni mchungaji."

Kesho yake, kabla sanduku halijafungwa, alimsogelea mdogo wake. Alikuwa amevalishwa shati aliloshonewa na dada yake. Akamnyoosha kola, akamwambia, "Nimekula," akarudi nyuma. Mchungaji alisoma, tukaimba, sanduku likashushwa. Dada Mkubwa alitupa udongo wa kwanza, baba mdogo akafuata, kisha Pilipili, kisha sisi wengine. Kaburi likajaa. Tukaweka maua, tukarudi nyumbani.